Mlinzi Mwenye Meno ya Utoto

Watanzania tuna utaalamu wa kuzaliwa katika mambo mawili: kupanga kikosi cha timu ya taifa na kulea mbwa wa mwenzako. Tangu kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aingie kwenye ua wetu hapa Kimara, sijapita njia ya dukani bila kusimamishwa na mtu mwenye ushauri. Mama wa genge ananiambia nimchemshie mapupu. Fundi baiskeli ananiambia nimpake pilipili puani awe mkali. Kijana wa bodaboda pale kijiweni, ambaye hajawahi kufuga hata njiwa, alimtazama mara moja tu akasema miguu ni minene mno, nimpunguzie wanga.

Kilebu mwenyewe ni Boerboel, mbwa wa asili ya Afrika Kusini, ambaye wakulima wa huko walimfuga awalindie mashamba. Akikomaa hufika kilo 60 au 70, na wapo madume wanaopita hapo. Baba Watoto alimleta baada ya wezi kuruka ukuta na kuondoka na pampu ya maji. Mimi nilikuwa nimependekeza tuongeze taa. Yeye akasema taa haibweki. Sikuwa na jibu la haraka, na katika nyumba yetu asiye na jibu la haraka huhesabiwa amekubali.

Jina nalo lina kisa chake. Baba Watoto ni Simba damu damu, kwa hiyo mbwa akaitwa Simba. Hakufikiria kwamba jirani wa ukuta wa kulia ni Yanga, na ana masikio mazuri. Sasa kila jioni natoka nje nikipaza sauti, "Simba, achia! Simba, umeharibu tena! Simba, hivi wewe hufundishiki?" na ng'ambo ya ukuta sauti yenye furaha tele inaitikia, "Waambie, mama, waambie!"

Malalamiko yangu yana mafungu mawili na yote yanapita mlango mmoja, mdomo wa Simba. Kuna vinavyoingia humo kwa idhini, na kuna vinavyoingia humo bila idhini.

Nianze na vya idhini. Mtaani kwetu hesabu ya mbwa mkubwa ni nyepesi: mwili mkubwa, sufuria kubwa. Mshindilie ugali wa dona, mmwagie supu ya utumbo, na tumbo likivimba mpigie picha. Shemeji yangu alikuja kutoka Morogoro kumwona mgeni, akaleta mfuko wa unga wa mifupa alioununua duka la vyakula vya kuku. "Shemeji," akaniambia, "huyu ni mbwa wa mifupa mizito. Vijiko viwili kila mlo, na maziwa juu yake. Utakuja kunishukuru." Baba Watoto akatikisa kichwa kwa kuridhika, maana ushauri wowote unaotoka kwa mdogo wake huwa tayari umepimwa maabara.

Daktari wa mifugo alipokuja na kisanduku chake cha barafu kumchanja Simba, aliukuta mfuko ule jikoni. Akauliza ni wa nani. Nikamwambia wa Simba.

"Anataga?"

Nilianza kumheshimu daktari yule tangu hapo.

Maelezo yake Shemeji aliyasikiliza akiwa ameketi, na kadiri yalivyoendelea ndivyo alivyozidi kuketi. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa, alisema daktari, hana shida ya kukosa ukubwa. Ukubwa uko kwenye damu yake, utakuja tu wakati wake. Kinachomwumiza ni kuharakishwa. Akishindiliwa chakula, uzito unatangulia, na mifupa pamoja na gegedu za maungio zinabaki zikibeba mzigo usio wa umri wao. Ndipo unapoona nyonga zimelegea, viwiko vinauma, mbwa wa mwaka mmoja anainuka kwa kugumia. "Mama," akasema, "jengo ambalo zege lake halijakauka halipandishiwi ghorofa ya pili."

Na ule unga? Mbwa mzima akila kalsiamu kupita kiasi, utumbo wake huchukua kinachomtosha na kingine hukiacha kipite. Kilebu wa chini ya miezi sita hivi utumbo wake bado haujajua kukataa. Ukimmiminia nyingi, nyingi inaingia mwilini, na ukuaji wa mifupa unavurugika. Maana yake vijiko viwili vya mapenzi ya Shemeji vingeipinda miguu ileile vilivyokusudiwa kuinyoosha.

Nikasema basi, mfuko urudi Morogoro, Simba ale ugali na nyama tupu kama mababu zake. Daktari akakataa na hilo pia. Mahindi na nyama vina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na mifupa inataka viwili hivyo viende kwa uwiano, kalsiamu izidi fosforasi kidogo. Ukijaza umeharibu, ukipunguza umeharibu. Nikamwuliza kama kuna namna ya kufuga mbwa bila kurudi kidato cha nne kurudia kemia. Akasema ipo: nunua chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, chenye maneno hayo kwenye mfuko, halafu usikiongezee kitu. Ukitaka kumpikia nyumbani, usipike kwa kubahatisha. Akupangie mtu aliyesomea.

Nilikwenda duka la dawa na vyakula vya mifugo. Bei ya mfuko ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, na mwanzo nilidhani ni namba ya simu ya mwenye duka. Kwa bei ile niliamua kusoma kila neno, mbele na nyuma. Nikajifunza kwamba Marekani kuna chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, kifupi chake AAFCO, ambacho kimeweka ukomo wa kalsiamu katika chakula cha vilebu: asilimia 2.5 ya chakula kikiondolewa maji, lakini kwa wale watakaofika kilo 32 au zaidi ukubwani ukomo ni asilimia 1.8. Yaani kuna watu wamekaa vikao, wakabishana, wakapiga kura kuhusu kijiko cha Shemeji.

Kuhusu wingi, daktari alinipa habari iliyonifurahisha mimi na kumhuzunisha Simba. Watafiti wa kampuni ya Purina huko Marekani waliwachukua Labrador 48 tangu utotoni, wakawapanga wawili wawili. Mmoja alikula, mwenzake akapewa robo pungufu ya alichokula yule wa kwanza. Waliwafuata hadi wa mwisho alipokufa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maungio yao yalichelewa kuharibika. Hakuna aliyelala njaa. Walikuwa wembamba tu. Kipimo cha nyumbani ni kumpitishia vidole mbavuni. Mbavu uziguse kwa urahisi bila kuzitafuta, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno.

Baba Watoto alitaka kujua kama kipimo hicho ni cha mbwa peke yake. Nikamwambia ndiyo, kwa ajili ya amani ya ndoa. Amani haikudumu, kwa sababu daktari aliagiza Simba apimwe uzito mara kwa mara, na njia ya kumpima mbwa asiyetulia ni mtu kupanda naye mizani, kisha kupanda peke yake, kisha kutoa. Baba Watoto alipanda na Simba. Akashuka. Akapanda peke yake. Watoto wakatoa. Simba alikuwa na uzito wake uleule unaotakiwa. Tangu jioni ile mizani imepotea, na Simba hajashutumiwa, jambo lisilo la kawaida hapa nyumbani.

Basi ratiba ikabandikwa kwenye friji: milo mitatu kwa siku hadi atimize miezi sita, baadaye miwili, na kila mlo upimwe kwa kikombe kilekile. Ratiba ni nzuri. Tatizo ni wananchi. Bibi, yaani mama mkwe wangu, anaamini kiumbe yeyote anayemtazama mtu anayekula ana njaa, kwa hiyo humdondoshea kitu chini ya meza huku akinitazama usoni. Dada wa kazi humpa ukoko wa wali ili amwache aoshe vyombo kwa utulivu. Kitinda mimba wangu humpa kila mboga asiyoipenda, na hana mboga anayoipenda. Baba Watoto hampi kitu, ila huacha sahani yake chini kwa bahati mbaya. Ukijumlisha, Simba anakula milo mitatu ya serikali na mingine ya mashirika binafsi.

Kumnyima vinavyodondoshwa si uchoyo tu. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na sijui mchuzi wa Mswahili usio na kitunguu. Zabibu, hata zile kavu za kwenye pilau, zinaweza kumwua figo. Chokoleti ni sumu. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa tumbo. Na ule usemi wa mtaani kwamba unga ulioota ukungu "wa mbwa huo", tuuache kabisa. Sumukuvu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haichagui miguu miwili wala minne, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Bibi alipoyasikia haya yote alisema zamani mbwa walikula kila kitu na hawakufa. Nikamwuliza wale mbwa wa zamani wako wapi. Hajanisemesha hadi leo, ila kudondosha bado anadondosha.

Halafu kuna mwendo wake wa kula. Simba hali, anameza. Daktari akasema mbwa wakubwa wenye kifua kirefu wana hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda, na likijipinda bila upasuaji wa haraka mbwa hufa ndani ya saa chache. Kula kwa pupa na kupewa mlo mmoja mkubwa kwa siku huongeza hatari hiyo. Dawa yake ni kumgawia milo na kumchelewesha. Tukatafuta chombo chenye vishimo vingi ili punje zisambae, azitafute moja moja. Chombo chenye vishimo vingi katika nyumba hii kilikuwa kimoja, trei yangu ya kuokea keki ndogo. Nilikuwa nachukua oda za keki mimi.

Sasa nije kwenye vinavyoingia bila idhini, yaani sisi.

Mbwa mdogo ana meno 28 ya utoto, na aliyeyachonga hakuwa na huruma. Kati ya miezi minne na saba hivi yanang'oka na nafasi yake inachukuliwa na ya ukubwani 42, na kipindi hicho fizi zinawasha, kila kitu kinatafunwa. Lakini Simba hakusubiri fizi ziwashe. Alianza siku aliyoingia, na alianza na kanga yangu. Pindo la kanga linalopepea karibu na kifundo cha mguu, kwa macho yake, ni mnyama anayekimbia. Nikitembea ananing'inia. Nikisimama ananivuta. Mama wa dukani ameniona nikifungua geti na mbwa kiunoni na hakuuliza kitu, alinipimia tu sukari.

Chanzo cha ukali huo daktari alikigundua alipomfungua kinywa. Aliyetuuzia alisema ana miezi miwili. Daktari akatazama, akakuta meno mengine ya nyuma ndiyo kwanza yanachungulia, akasema huyu alitolewa kwa mama yake kabla ya wiki nane. Wauzaji wengine hufanya hivyo, maana kila wiki kilebu anayobaki kwao ni wiki ya chakula chao. Hasara anaipata mnunuzi, kwa kuwa ni katika wiki hizo, akicheza na ndugu zake, kilebu hujifunza nguvu ya taya lake. Akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake hulia na kuacha mchezo. Akirudia, mchezo unakwisha tena. Polepole anaelewa kwamba meno yana kipimo. Simba masomo hayo hakuyamaliza. Daktari akatutangaza rasmi kuwa ndugu zake, tuyamalizie sisi.

Utaratibu wenyewe ukisimuliwa ni rahisi hadi unachekesha. Akikung'ata, usivute mkono kwa kasi, maana kinachokimbia kinafukuzwa. Simama, nyamaza, mikono ikunje kifuani, mtazamo pembeni. Mchezo umekwisha. Akiendelea, toka umwache peke yake kwa muda mfupi. Akitulia, rudi, mpe kitu chake halali cha kutafuna, msifu akikishika. Kinachotakiwa ni watu wote wa nyumba kufanya hivyohivyo kila mara, na hapo ndipo mtaala unapokwama. Mimi nasimama nakunja mikono. Watoto wanapiga mayowe na kukimbia, na kwa Simba hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Dada wa kazi hupanda juu ya meza. Baba Watoto hushuka mkekani, akaweka mkono wake mzima kinywani mwa mbwa, akawa anausukasuka huku akisema kwa fahari, "Ana taya huyu!" Ndiyo, analo. Tunaliona kwenye mapaja.

Bibi ana shule yake. Anasema mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hiyo Simba achapwe kofi la mdomo akome. Methali siipingi, imenilea. Ila daktari alijibu kwa adabu kwamba kilebu anayepigwa mdomoni hujifunza jambo moja, kwamba mkono wa binadamu ukija usoni unaleta maumivu. Wengine hugeuza mchezo kuwa vita, wengine hujifunza kuuwahi mkono kabla haujafika. Leo ana meno ya utoto. Kesho kutwa atakuwa na kilo 60 na woga wa mikono, na mjukuu wa Bibi atakuwa anamnyooshea mkono ampapase. Bibi akafikiri kidogo, akashusha kandambili. Simba akaichukua palepale.

Jambo lililonisaidia mimi kuliko yote ni usingizi. Nilikuwa sielewi kwa nini ikikaribia magharibi Simba anarukwa na akili, anazunguka ua, anang'ata hata hewa. Kumbe kilebu anahitaji kulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akichoka bila kulala anakuwa mkorofi zaidi. Hakuhitaji mazoezi ya ziada. Alihitaji kona tulivu asiguswe na mtu. Sasa jua likianza kuteremka namwingiza kwenye kona yake na ukorofi unapungua nusu. Saa 18 za kulala, milo mitatu, daktari wake mwenyewe. Kazi hii ya ulinzi ikitangazwa tena naomba mnijulishe.

Upande wa kutafuna vitu, Baba Watoto alimpa kiatu chake cha zamani acheze nacho. Nilimwambia mbwa hana taarifa za mwaka wa ununuzi. Kiatu ni kiatu, kina harufu ya mwenye nyumba, na kama cha zamani kimeruhusiwa basi na kipya kimeruhusiwa. Baba Watoto akasema namdharau Simba. Simba akala kiatu cha harusi. Chaja tatu zimekwenda, na hizo sizihesabii fedha tu, maana waya ulio kwenye umeme unaweza kumwua aliyeutafuna. Rimoti imebaki na kitufe cha kuongeza sauti peke yake. Mguu mmoja wa meza sasa una kiuno.

Kuna tukio moja sikumgombeza. Alitafuna kadi ya mchango wa harusi, ile yenye bahasha ya dhahabu na kiwango cha chini kilichochapishwa kwa wino. Aliitafuna yote, hadi namba ya mweka hazina. Kamati walipopiga simu nikawaambia ukweli mtupu, kwamba kadi hatunayo. Siku hiyo Simba alipata karoti mbili.

Karoti ya kwenye friji ni kitu kizuri, inapoza fizi na haigharimu chochote cha maana. Kitambaa safi kilicholoweshwa, kikafungwa fundo na kugandishwa, nacho kinatuliza, mradi umsimamie asikimeze. Kipo pia kidude cha mpira mgumu cha kutiliwa chakula ndani. Akishika kisichoruhusiwa, usimkimbize ukizunguka mti wa mwembe, utakuwa umemwanzishia ligi. Mletee kitu bora zaidi, mbadilishane. Ndiyo, mwenye nyumba anajadiliana bei na mwizi ili arudishiwe soksi yake. Ila inafanya kazi, na kuna mambo nimeyatoa kwa watoto wangu kwa njia hiyohiyo.

Majirani wa ukuta wa kushoto ni mzee mmoja mstaarabu na familia yake. Simba alipenya uchochoroni akatia ulimi kwenye ndoo yao ya maji. Mzee hakugomba. Alikuja getini, akanisalimia, akaulizia watoto, akaulizia mama mkwe, kisha akasema taratibu, "Mama, kwa madhehebu yetu ni mara saba, moja kwa udongo," akaiacha ndoo. Niliiosha mara saba, moja kwa udongo, nikihesabu kwa sauti ili asikie kule ng'ambo. Kisha nikamwita fundi aje azibe uchochoro, maana ufugaji ni wa kwetu na udhu ni wa kwao, na haifai udhu wao utegemee adabu ya Simba.

Kwenye hili moja sitanii. Meno ya utoto huchubua ngozi, na watoto wa jirani huja kwetu kununua barafu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo kilebu achanjwe afikishapo miezi mitatu na chanjo irudiwe daktari anavyopanga. Mtu yeyote akichubuliwa na meno ya mbwa, hata mchubuko mdogo, kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali akaelezwe la kufanya. Si kahawa ya unga, si mafuta ya taa, si unywele wa mbwa aliyemng'ata. Kadi ya chanjo ya Simba naiweka juu ya kabati, asipofika, pamoja na vyeti vya ndoa na vya shule.

Nimemaliza kulalamikia mbwa, sasa nimlalamikie aliyemleta. Nilimwuliza Baba Watoto lini hasa ulinzi utaanza. Akaenda kumwuliza daktari, akarudi mpole. Boerboel hukomaa mwili na akili akikaribia miaka miwili. Kabla ya hapo hatakiwi kurukishwa kuta wala kukimbizwa mbio ndefu, kwa ajili ya maungio. Wala asifungwe peke yake nyuma ya nyumba ili "awe mkali", bali akiwa bado mdogo azoeshwe watu, sauti na magari, ili akikua ajue nani mgeni na nani mwizi. Na kwa kuwa vilebu wa aina hii wana bei, wezi wanawapenda. Usiku Simba analala ndani. Tumeongeza taa.

Kwa hiyo wifi zangu mnaokuja Jumapili, karibuni sana. Viatu wekeni juu ya friji. Mikoba msiiache sakafuni, na kanga zifungeni juu kidogo, heshima yenu naijua. Akiwang'ata pindo, simameni mnyamaze; najua kunyamaza ni mtihani katika ukoo wenu, jaribuni. Asipewe pilau, asipewe ukoko, asipewe paja la kuku hata akiwatazama kwa yale macho. Ameshakula, kikombe kimepimwa, na mama yenu atakuwa ameongeza. Na kama kuna atakayetaka kujua kwa nini mbwa wa ulinzi anakoroma sebuleni wakati mimi nakagua geti kwa tochi, asiniulize mimi. Jibu analo kaka yenu.